Umbali na muda wa ndege London–New York: mbona kila mahali namba ni tofauti?

KaratasiNaKalamu

Habari wakuu. Natengeneza jedwali la umbali na muda wa safari za ndege kati ya miji mikubwa, na nimeanza na London–New York kwa sababu ni njia inayofahamika sana. Shida ni kwamba kila ninapochungulia nakuta namba nyingine. Pengine 5,570, pengine 5,555, kwingine 3,451, kwingine 2,999. Nikipiga mwenyewe kwa kikokotoo napata 5,540. Nishike ipi?

La pili ni muda. Nikigawa umbali kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa napata saa 6 na dakika chache. Ratiba zinasema kwenda New York ni kama saa 8, kurudi London karibu saa 7. Zote mbili zimezidi hesabu yangu, na zenyewe kwa zenyewe hazilingani. Halafu kama dunia inajizungusha kuelekea mashariki, si ndege inayokwenda magharibi ndiyo ingewahi, maana mji unaifuata?

Ninachotafuta ni njia ya kukokotoa ninayoweza kuitumia kwa miji yoyote miwili, siyo jibu la njia hii moja tu.

Latitudo0

Mkuu, namba zote tano ziko sawa, ila hazipimi kitu kimoja.

2,999 ni maili za baharini, kipimo cha marubani na waongoza ndege. Maili moja ya baharini ni mita 1,852 kamili. 3,451 ni maili za nchi kavu, ambayo kila moja ni kilomita 1.609. Zigeuze zote mbili na utaangukia 5,554, yaani ile ile 5,555; tofauti ya moja inatokana na kukata desimali.

5,570 imepimwa kutoka katikati ya jiji hadi katikati ya jiji, na ndege haziondokei huko. Heathrow iko upande wa magharibi wa London na JFK iko upande wa mashariki wa New York, hivyo viwanja vimesogeleana kuliko miji yenyewe. Kwenye jedwali lako usiandike "London" peke yake. Andika kifupi cha uwanja: LHR (Heathrow), LGW (Gatwick) au STN (Stansted), na upande wa pili JFK au EWR (Newark), kwa sababu kila uwanja una umbali wake.

5,540 yako imetokana na kuichukulia dunia kama tufe kamili lenye nusukipenyo cha kilomita 6,371. Kwa kweli dunia imebonyea kidogo kwenye ncha: nusukipenyo cha ikweta ni kilomita 6,378, cha kwenye ncha ni 6,357. Ukiuhesabu ubonyeo huo, 5,540 inakuwa karibu 5,555. Kosa la kutumia tufe halivuki takriban nusu ya asilimia moja, na hapa kilomita 15 ni dakika moja tu ya ndege angani. Kwa kazi yako tufe linatosha kabisa.

Kanuni ya kuweka kwenye Excel, ikiwa latitudo na longitudo ya uwanja wa kwanza ziko A2 na B2, za uwanja wa pili C2 na D2:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(A2))*SIN(RADIANS(C2))+COS(RADIANS(A2))*COS(RADIANS(C2))*COS(RADIANS(D2-B2)))

Ijaribu kwa Heathrow (51.47, -0.4543) na JFK (40.6413, -73.7781). Ikikupa 5,540 umeiandika vizuri. Ikikupa namba ya ajabu, kwanza angalia kama RADIANS imesahaulika mahali, maana SIN na COS za Excel zinapokea radiani, siyo nyuzi.

Kinachoharibu majedwali ya wengi si kanuni, ni alama ya kutoa. Kusini mwa ikweta latitudo ni hasi. Magharibi mwa Greenwich longitudo ni hasi. Chukua Johannesburg (-26.13, 28.24) na Cairo (30.12, 31.41). Umbali ni kama kilomita 6,260. Sahau ile alama mbele ya 26.13 na Excel itakuambia 540, bila onyo lolote, kwa sababu umeihamishia Johannesburg upande wa kaskazini, karibu kabisa na Cairo.

Kosa la pili ni dakika za nyuzi. Chati ikiandika 51°28′ haimaanishi 51.28. Nyuzi moja ina dakika 60, kwa hiyo 28 gawa kwa 60 ni 0.467, jibu ni 51.467. Ukiacha 51.28 umeusogeza uwanja kusini kwa zaidi ya kilomita 20.

Na tafadhali usipime kwa rula kwenye ramani bapa. Ukishikilia dira upande mmoja kutoka Heathrow hadi JFK, ambao ndio mstari ulionyooka kwenye ramani ya Mercator, unatembea karibu kilomita 5,760, yaani 220 zaidi ya njia fupi. Njia fupi juu ya tufe ni duara kuu. New York iko kusini kuliko London kwa karibu nyuzi 11, lakini duara kuu linaanza Heathrow kwa kuelekea nyuzi 288, magharibi ikiegemea kaskazini, linapanda hadi karibu latitudo 53.7, ndipo linaanza kushuka. Ndiyo maana ramani ya kwenye kiti cha abiria inaonyesha ndege "ikizunguka" kupitia juu ya Ireland na Newfoundland. Kamba ukiivuta juu ya tufe la darasani inapita huko huko.

UpepoWaJuu

Naongezea upande wa muda, nikianza na hilo la dunia kuzunguka kwa sababu linapotosha wengi.

Hewa inazunguka pamoja na dunia. Ndege ikiwa imesimama uwanjani tayari inakwenda mashariki kwa kasi ile ile ya ardhi iliyo chini yake, na ikipaa haiiachi kasi hiyo chini. Ingekuwa mji unaifuata ndege, helikopta ingepaa, ikae hewani saa moja, kisha itue mji mwingine. Tofauti ya kwenda na kurudi inaletwa na upepo. Katika latitudo za kati, kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mikondo myembamba ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mara nyingi inapita kilomita 150 kwa saa, na wakati wa baridi ya kaskazini inaweza kuvuka 300. Baridi ndiyo inayoitia nguvu, kwa kuwa tofauti ya joto kati ya tropiki na ncha inakuwa kubwa zaidi.

Sasa hesabu. Ndege kubwa kama Boeing 787 au 777 husafiri kwa karibu Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya kasi ya sauti. Kasi ya sauti inategemea joto la hewa. Kimo cha kilomita 11 kipimo cha kawaida ni nyuzi -56.5 za Selsiasi, ambapo sauti inakwenda kilomita 1,062 kwa saa. Asilimia 85 yake ni 903. Ndege ndogo kama Boeing 737 na Airbus A320 huenda karibu Mach 0.78, sawa na 828. Kwa hiyo 900 yako ni nzuri kwa njia hii, ila usiibandike kwa njia za A320.

Hiyo 903 ni kasi ndani ya hewa. Kinachokufikisha ni kasi juu ya ardhi: ongeza upepo unaosukuma, toa upepo unaopinga. Pia umbali halisi wa kuruka unazidi duara kuu, tuseme asilimia 2, kwa sababu ya kufuata njia zilizopangwa na kuzungukia viwanja. Kwa hiyo 5,540 inakuwa 5,650. Weka upepo wa wastani wa kilomita 100 kwa saa safari nzima:

Kwenda New York: 5,650 ÷ 803 = 7.04, yaani saa 7 dakika 2.
Kurudi London: 5,650 ÷ 1,003 = 5.63, yaani saa 5 dakika 38.

Bado hujamaliza. Ndege haikimbii 903 tangu inapoacha ardhi. Kupanda na kushuka kunakula kama dakika 20 zaidi ya hesabu ya mwendo wa juu. Halafu kuna muda wa ardhini: kusukumwa nyuma kutoka getini, kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanga foleni, na baada ya kutua kutambaa tena hadi getini. Kwa viwanja vikubwa kama hivi weka dakika 35 jumla. Ratiba za mashirika huhesabu kuanzia ndege inapoondoka getini hadi inaposimama getini, siyo kuanzia magurudumu yanapoacha lami.

Ongeza hizo 55: kwenda saa 7 dakika 57, kurudi saa 6 dakika 33. Saa zako 8 hizo hapo.

Angalia jambo moja ambalo watu hudhani linajifuta lenyewe. Upepo wa kilomita 100 haukurudishii kwenye kurudi kile ulichokunyang'anya kwenye kwenda. Bila upepo, kwenda na kurudi angani ni saa 12 dakika 31. Kwa upepo huo ni saa 12 dakika 40. Sababu ni kwamba ndani ya upepo wa kupinga unakaa muda mrefu, ndani ya upepo wa kusukuma unapita haraka. Kwa hiyo usichukue wastani wa nyakati mbili za ratiba ukasema ndio muda wa bila upepo. Unakuwa umezidisha kidogo.

Asilimia 2 nayo ni ya kukadiria. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini njia hupangwa upya kila siku kufuata upepo: seti moja ya mchana kwa wanaokwenda magharibi, nyingine ya usiku kwa wanaokwenda mashariki. Wa mashariki wanautafuta mkondo, wa magharibi wanaukwepa, hata ikibidi kupanda kaskazini hadi karibu na Greenland. Njia ndefu yenye upepo mpole inaweza kufika kabla ya njia fupi yenye upepo mkali.

Mfano wa ukubwa wa jambo hili: Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka JFK ikatua Heathrow kwa saa 4 dakika 56. Kasi juu ya ardhi ilivuka kilomita 1,300 kwa saa. Haikuvunja kasi ya sauti, kwa sababu hewa yenyewe ilikuwa inakwenda nayo. Ndani ya hewa hiyo ilibaki kwenye mwendo wake wa kawaida.

KaratasiNaKalamu

Asanteni sana, nimeipata 5,540 na alama za kutoa nimezikagua zote. Bado mambo mawili yananisumbua. Ratiba ya kurudi inasema saa 6 dakika 55, hesabu inasema 6 na 33. Dakika 22 zimetoka wapi? Na tiketi ya kwenda inaonyesha kuondoka 10:00 na kufika 13:00. Kwa kutoa tu hizo ni saa 3. Kuna namna ya uhakika ya kugeuza saa za tiketi ziwe muda wa safari?

UpepoWaJuu

Hizo 22 ni akiba. Mashirika hayapangi ratiba kwa siku nzuri. Huangalia safari za nyuma za msimu ule na kuchagua muda ambao ndege nyingi zitauwahi. Asubuhi ndege nyingi kutoka Marekani hufika Heathrow kwa pamoja, na zinazosubiri hugeuzwa kwenye mizunguko minne ya kungojea: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Mzunguko wa dakika 10 au 15 pale ni jambo la kawaida. Siku ambayo hakuna foleni unasikia rubani anatangaza "tumewahi dakika 20". Ndege haijakimbia kuliko kawaida, akiba tu haikutumika.

Kwenye jedwali weka safu mbili: muda uliokokotolewa na muda wa ratiba. Usizichanganye.

Saa24

Hili la saa nijibu mimi. Usitoe kamwe saa ya mji mmoja kwenye saa ya mji mwingine. Geuza zote mbili kuwa UTC kwanza, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima, kisha toa.

Wakati wa baridi London iko UTC+0, New York UTC-5. Kuondoka London 10:00 ni 10:00 UTC. Kufika New York 13:00 ni 18:00 UTC. Tofauti ni saa 8.

Kurudi: kuondoka New York 19:00 ni 24:00 UTC, yaani 00:00 ya kesho yake. Kufika London 06:55 ni 06:55 UTC. Saa 6 dakika 55. Kwenye tiketi utaona +1 pembeni ya saa ya kufika. Hiyo inamaanisha tarehe ya kesho yake, kwa saa za mji unaofika.

Mtego ni majira. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu mwezi Machi, na wiki moja hivi kati ya Oktoba na Novemba, ambapo tofauti ya London na New York ni saa 4 badala ya 5. Jedwali lenye tofauti moja ya kudumu litakosea kwa saa nzima katika wiki hizo. Kila safari ihesabiwe kwa tarehe yake.

Mstari wa tarehe unawachanganya watu zaidi, lakini UTC inautatua bila jasho. Tokyo iko UTC+9 mwaka mzima. Ndege iondoke Tokyo 17:00, hiyo ni 08:00 UTC. Ikiruka saa 10 inafika 18:00 UTC. Los Angeles wakati wa majira ya joto iko UTC-7, kwa hiyo ukutani ni 11:00 asubuhi, tarehe ile ile. Abiria amefika saa 6 "kabla" ya kuondoka, na hesabu ni safi.

Sasa jambo la kwetu tunaosoma saa kwa Kiswahili. Kwenye jedwali acha saa zote katika mtindo wa 24, usigeuze mpaka mwisho kabisa unapomwandikia mtu. Ukiandika "saa 4" katikati ya hesabu, baada ya wiki hutajua kama ni muda wa saa nne au ni saa nne asubuhi. Wakati wa kugeuza: kuanzia 07:00 toa 6, na jibu likifika 13 au zaidi toa 12 tena, chini ya 07:00 jumlisha 6. Kwa hiyo 10:00 ni saa nne asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, 19:00 ni saa moja jioni, 00:30 ni saa sita na nusu usiku.

Hiyo 00:30 ndiyo inayoacha watu nyumbani. Tiketi ya tarehe 12 saa 00:30 ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Abiria anatakiwa awe uwanjani tarehe 11 jioni. Akienda tarehe 12 usiku, ndege imeondoka zamani. Kwenye safu ya maelezo andika hivyo kwa maneno, "usiku wa kuamkia tarehe 12", tarehe peke yake haitoshi.

Latitudo0

Kabla hujaitandaza kanuni kwenye miji mingine, kuna mahali itakupiga chenga.

Safari fupi. Kwa kilomita 400, muda wa angani kwa 828 ni dakika 29 tu, lakini dakika za kupanda, kushuka na kutambaa ziko pale pale. Kwenye uwanja mdogo usio na foleni punguza za ardhini hadi 15, jumla ya nyongeza iwe 35, upate saa 1 na dakika 4. Kwa hiyo umbali ukipungua nusu, muda haupungui nusu. Na kama njia hiyo inaendeshwa na ndege ya pangaboi kama ATR 72, tumia mwendo wa karibu 500, na nyongeza ya kupanda na kushuka ipunguze hadi 10 kwa kuwa haipandi juu sana.

Njia za kaskazini–kusini. Johannesburg–Cairo upepo wa magharibi unaikata ndege ubavuni, kwa hiyo kwenda na kurudi vinakaribiana. Usiweke 100 ya Atlantiki kila mahali. Weka sifuri kwa njia kama hizo uone ratiba inasemaje.

Anga zilizofungwa. Hapa asilimia 2 haina maana kabisa. Helsinki–Tokyo kwa duara kuu ni kilomita zipatazo 7,800, na zamani ilikuwa safari ya kama saa 9 kupitia Urusi. Tangu anga ya Urusi ifungwe kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, ndege za Finnair zinazunguka na safari imekuwa karibu saa 13. Ratiba ikizidi hesabu yako kwa zaidi ya saa moja, usianze kurekebisha upepo. Fungua ramani uone ndege inapita wapi.

Safari za kuunganisha. Jumlisha vipande, usipime mwisho hadi mwisho. London–New York kupitia Keflavík huko Iceland ni 1,895 + 4,163, jumla 6,058. Zimezidi kilomita 518 tu, chini ya dakika 40 za angani. Lakini unalipa zile dakika 55 mara mbili, na juu yake muda wa kungoja ndege ya pili. Muda huo wa kungoja usiukadirie kwa umbali wowote. Usome kwenye ratiba yenyewe, na uangalie kama uko juu ya muda wa chini wa kuunganisha uliowekwa na uwanja husika. Tiketi mbili zilizonunuliwa kila moja kivyake hazina ulinzi wa muda huo: ikichelewa ndege ya kwanza, ya pili haikungoji, na mizigo unaichukua na kuikabidhi upya. Kwa safari za namna hiyo ongeza safu ya "tiketi moja / tiketi mbili" kwenye jedwali lako.